Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na wakuu wa hospitali: mgonjwa anayerudi akiharisha hana mahali kwenye vitabu vyetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya; Katibu Mkuu na Mganga Mkuu wa Serikali; Ofisi ya Rais – TAMISEMI; Bohari ya Dawa; Baraza la Famasi; na waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa za mikoa na hospitali za wilaya.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watu wazima katika hospitali ya umma. Hospitali yangu sitaitaja, kwa kuwa ninayoyaandika wenzangu wa mikoa mingine wanayakuta vilevile. Tukikutana kwenye mafunzo, hayo ndiyo mazungumzo yetu ya chai ya saa nne.

Ninawaandikia kuhusu mgonjwa anayelazwa kwa ugonjwa fulani, akapona ugonjwa huo, akaruhusiwa, halafu baada ya wiki mbili au tatu anarudi akiharisha. Tunamtundikia dripu, tunampa antibayotiki za Flagyl (metronidazoli) na sipro, kuhara kunakatika, anakwenda nyumbani. Mwezi haujaisha, yuko mapokezi tena, amekonda kuliko alivyoondoka, na safari hii anatembea kwa kushikwa mkono. Kila anaporudi faili linaandikwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza: kuhara siku tatu, homa, kuishiwa maji mwilini. Matibabu ni yale yale.

Ombi langu ni moja, na mengine yote yanatokana na hilo. Mgonjwa huyu atambuliwe rasmi kama mgonjwa wa kuhara kunakojirudia baada ya antibayotiki. Awe na maswali yake ya lazima siku anayopokelewa, kipimo chake, dawa yake, na nafasi yake kwenye taarifa ya mwezi. Kwa sasa hana hata kimoja. Kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za huduma za afya, anaingizwa kwenye safu ya kuhara pamoja na aliyekunywa maji machafu jana, na hapo ndipo historia yake inapopotea.

Bakteria ninayemfikiria kwanza anaitwa Clostridioides difficile. Si mpya. Alielezwa mwaka 1935 baada ya kukutwa kwenye choo (kinyesi) cha watoto wachanga waliokuwa wazima kabisa, na ilikuwa mwaka 1978 ndipo wataalamu walipoonyesha kwamba ndiye anayesababisha uvimbe mkali wa utumbo mpana kwa watu waliotoka kutumia antibayotiki. Wala asidhaniwe ni ugonjwa wa Wazungu. Watafiti wa Mwanza walimpata kwa wagonjwa wa kuhara, watu wazima na watoto, na matokeo yao yamechapishwa tangu mwaka 2015. Sisemi kwamba kila anayerudi akiharisha anaye. Wengine wana amiba, wengine utumbo umebaki dhaifu tu baada ya ugonjwa wa kwanza, wengine VVU imewashusha kinga. Lakini mgonjwa ambaye hakupimwa hatuwezi kumtenganisha na mwenzake, na matibabu ya mmoja yanamuumiza mwingine.

Naomba nieleze kidogo anavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo maombi yangu yataonekana ni ya anasa. Utumbo mpana wa mtu mwenye afya umejaa bakteria wasiomdhuru. Wanakula mabaki ya chakula, wanabadilisha asidi za nyongo zinazotoka kwenye ini, na nyongo hiyo iliyobadilishwa ndiyo inayomzuia C. difficile asikue. Antibayotiki ikiingia haichagui. Inamuua bakteria wa nimonia, inawafagia na hao wengine. Utumbo unabaki kama kiwanja kilichobomolewa nyumba kikaachwa bila ukuta, na mvamizi ndiye wa kwanza kufika. C. difficile ana spora, yaani mbegu zilizojifunga ndani ya ganda gumu, ambazo antibayotiki haiziui. Kiwanja kikiwa wazi zinachipua, bakteria wanaongezeka, wanatoa sumu mbili zinazochubua ukuta wa utumbo. Mgonjwa anaanza kwenda chooni mara tatu, mara tano, mara kumi kwa siku, tumbo linamsokota, homa inapanda. Wengine utumbo unavimba mpaka unatoboka.

Tukimpa dawa sahihi bakteria wanakufa, ila spora zinabaki. Dozi inaisha, walinzi wa utumbo hawajarejea, mbegu zinachipua upya. Ndiyo maana karibu mgonjwa 1 kati ya 5 hurudiwa baada ya kutibiwa vizuri mara ya kwanza, na aliyekwisha kurudiwa hatari yake hupanda hadi 2 kati ya 5 na hata zaidi. Wengi hurudiwa ndani ya wiki nane. Na wapo ambao hawajarudiwa na bakteria yule wa zamani: wameokota spora mpya kwenye wodi ile ile walikokuja kutibiwa.

Vihatarishi vya kurudiwa vinajulikana, vimeandikwa kwenye miongozo ya nchi nyingi. Mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea yuko hatarini zaidi. Yuko hatarini pia mwenye figo zilizoshindwa, na hapa nawafikiria wagonjwa wetu wa kusafishwa damu, ambao hulala hospitali mara kwa mara na kupewa antibayotiki kila mrija unapopata maambukizi. Wamo wenye saratani, wenye kinga iliyoshuka, waliolazwa muda mrefu. Wamo watu ambao miili yao haikutengeneza kinga ya kutosha dhidi ya ile sumu. Hayo mengi hatuwezi kuyabadilisha. Mzee hatumpunguzii miaka. Tunachoweza ni kumjua mapema kwamba yeye ni wa kuangaliwa, na kutomwongezea juu ya mzigo alionao vile vihatarishi tunavyovitengeneza sisi wenyewe: antibayotiki isiyohitajika, kidonge cha kupunguza asidi ya tumboni kisicho na mwisho, na wodi isiyo na maji.

Kuhusu antibayotiki nitakaa kidogo.

Alikuja mama mmoja mtu mzima sana, nimebadilisha mambo machache asitambulike. Alianguka bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji mahali pengine, ukaenda vizuri. Aliporudi kwao akaanza kuharisha. Alipofika kwetu ilikuwa mara ya tatu kulazwa kwa kuhara, na binti yake alikuja na dawa zote kwenye mfuko wa kaki. Nilimwomba azimwage mezani tuzipange kwa mfuatano. Ilianza seftriaksoni ya sindano pamoja na metronidazoli ya mshipa, siku saba, kwa upasuaji ambao haukuwa na uchafu wowote. Ikafuata amoksilini yenye klavulaniti, vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Diklofenaki ya maumivu, na omeprazoli ya kulinda tumbo dhidi ya hiyo diklofenaki. Kuhara kulipoanza, sipro na Flagyl kutoka duka la dawa karibu na nyumbani, nusu dozi, kwa kuwa hela ndiyo iliyokuwepo. Mara ya kwanza kulazwa, seftriaksoni tena. Mara ya pili akaambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa sipro nyingine. Diklofenaki ilikuwa imekwisha zamani. Omeprazoli ilikuwa bado inaendelea, pakiti mpya imeanzwa juzi, na hakuna karatasi hata moja iliyosema iachwe lini.

Kila aliyeandika cheti kati ya hivyo alikuwa na sababu yake ya siku ile. Hakuna aliyeviona vyote pamoja. Nasi tungevionea wapi, kama fomu ya kupokelea mgonjwa haina mstari unaouliza: ametumia antibayotiki gani miezi mitatu iliyopita?

Upasuaji safi wa mfupa unahitaji dozi ya kinga kabla ya kisu kugusa ngozi. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2016 kwamba dozi hiyo isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha. Siku saba hazimwongezei mgonjwa ulinzi. Zinamwongezea siku saba za kufagiwa utumbo. Wodini kwetu seftriaksoni imekuwa ndiyo sindano ya kuanzia karibu kwa kila homa, kila kikohozi, kila kidonda, kwa kuwa ipo, inachomwa mara moja kwa siku na kazi inakwenda. Pamoja na klindamaisini na jamii ya sipro, ni miongoni mwa dawa zinazoongoza kwa kufungua mlango wa C. difficile. Shirika la Afya Duniani limeigawa antibayotiki katika makundi, na seftriaksoni na sipro ziko kwenye kundi la kuangaliwa kwa tahadhari, si la matumizi ya kwanza. Nchi yetu ina Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa kwanza wa 2017 hadi 2022, wa pili wa 2023 hadi 2028. Septemba 2024 mataifa yalikubaliana New York kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya antibayotiki wanazotumia binadamu zitoke kwenye kundi la matumizi ya kwanza. Mikataba hiyo ni mizuri na ninaiunga mkono. Ila kwenye trei ya dawa ya saa mbili usiku, bado vichupa vya seftriaksoni ndivyo vingi.

Huko mtaani nako pana lake. Mtu akijisikia vibaya anapimwa mambo matatu: malaria, taifodi na UTI. Malaria siku hizi ina kipimo cha kuaminika. Taifodi inapimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho Widal, na Widal moja haithibitishi chochote, kwa kuwa kinga ya ugonjwa wa zamani au wa aina nyingine huweza kuifanya ioneshe anayo. UTI inaandikwa kwa kuona seli chache kwenye mkojo. Matokeo yake ni watu ambao kwa mwaka mmoja wametibiwa "taifodi" na "UTI sugu" mara nyingi kuliko wanavyokumbuka, kila mara kwa sipro, sefiksimu au sindano. Wengi ni akina mama wa umri wa kati. Wakizeeka, wakapata kisukari, figo zikachoka, watatukuta wodini na utumbo usio na mlinzi hata mmoja. Mwenye duka la dawa namlaumu, kwa sababu sheria inamtaka aone cheti. Lakini mteja wake najua kwa nini hakuja hospitali. Angepanga foleni kutwa nzima, alipe kumwona daktari, alipe kipimo, na mwisho aambiwe dawa akanunue nje.

Halafu kidonge cha kupunguza asidi, yaani omeprazoli. Asidi ya tumboni ni kinga, na inasaidia bakteria wa utumbo wakae sawa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari Februari 2012 kwamba matumizi ya omeprazoli na jamii yake yanaambatana na ongezeko la kuhara kunakotokana na C. difficile. Kuambatana si sawa na kusababisha, nakubali. Lakini kwa mgonjwa mzee aliyekwisha kuharisha mara mbili, kumwachia omeprazoli isiyo na sababu ni kumwongezea hatari bila faida yoyote. Mwenye vidonda vya tumbo vilivyothibitishwa aendelee. Aliyeanzishiwa kwa sababu ya diklofenaki ya wiki moja aachishwe wiki hiyo hiyo inapokwisha. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji daktari anayemruhusu mgonjwa aandike tarehe ya mwisho mbele ya kila dawa, na mfamasia asitoe dawa ambayo cheti chake hakina tarehe hiyo.

Waheshimiwa, sasa niwapeleke kwenye sinki letu.

Juu ya sinki, ukutani, kuna kitakasa mikono. Kipo tangu enzi za Uviko na tunashukuru kimebaki. Chini yake bomba halitoi maji tangu asubuhi. Pembeni kuna ndoo yenye koki, mhudumu huijaza akipata maji ya kisimani. Sabuni ya kipande inaisha katikati ya wiki. Muuguzi mmoja zamu ya usiku ana wagonjwa wengi kuliko awezavyo kuwafikia, kwa hiyo baada ya kumbadilisha nepi mzee anayeharisha anabonyeza kitakasa, anasugua viganja, anakwenda kitanda kinachofuata. Anaamini ametakasa mikono. Spora za C. difficile hazifi kwa alkoholi. Zinahama naye kutoka kitanda hadi kitanda. Kinachoziondoa mikononi ni maji tiririka na sabuni, yale yale ambayo Wizara iliwafundisha Watanzania wote miaka ile ya Uviko na bado hayapo kwenye sinki la wodi.

Kwenye sakafu, vitanda na viti vya choo spora zinaweza kukaa miezi. Sabuni ya kawaida ya kudekia inazisogeza tu kutoka kona moja kwenda nyingine. Kinachoziua ni klorini yenye nguvu ya kutosha. Ile ya asilimia 0.5 tunayochanganya kwa ajili ya damu iliyomwagika na kipindupindu inatosha kabisa, ikiachwa muda wake kabla ya kufutwa. Utaratibu wa klorini tunao basi. Shida ni kwamba klorini huja na mlipuko wa kipindupindu na huondoka nao. Siku mkoa unapotangazwa hauna kipindupindu, madumu yanarudi stoo, na mhudumu wa usafi wa kampuni iliyoshinda zabuni anarudi na dekio moja la wodi nzima, chooni na vitandani. Mkataba wa usafi anaosaini mganga mfawidhi hautaji klorini popote. Ningeomba utaje, pamoja na dekio la choo kuwa lake peke yake.

Kipimo kipo. Kuna vya kadi, vinavyotafuta bakteria na sumu yake kwenye choo na kutoa jibu chini ya saa moja. Mashine za GeneXpert zilizoletwa kwa ajili ya kifua kikuu nazo zina katriji ya C. difficile, kwa hiyo hospitali nyingi za rufaa tayari zina nusu ya kinachohitajika. Ila naomba kipimo kije na masharti yake, kisije kikawa Widal nyingine. Apimwe mwenye choo chepesi mara tatu au zaidi kwa siku, siyo mwenye choo kigumu. Asipimwe mtoto mchanga, kwa sababu wengi wao humbeba bakteria huyu bila kuugua. Mgonjwa aliyepata nafuu asipimwe tena kuthibitisha amepona, maana kipimo kinaweza kuendelea kuonesha kwamba anaye kwa wiki kadhaa, na daktari mwenye wasiwasi atamwongezea dawa ambayo haihitajiki. GeneXpert inatambua vinasaba vya bakteria, haituambii kama sumu inatoka sasa. Jibu lake lisomwe pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Dawa nayo. Metronidazoli tunayo, inafaa kwa mgonjwa ambaye hali yake si mbaya na ni mara ya kwanza. Kwa hali mbaya na kwa aliyerudiwa, dawa ni vankomaisini ya kunywa, miligramu 125 mara nne kwa siku, siku 10. Hapo watu wengi wanachanganyikiwa: vankomaisini ya mshipa haifiki ndani ya utumbo, kwa hiyo mgonjwa wa C. difficile akitundikiwa dripu yake haimsaidii. Vidonge vya vankomaisini vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kwenye dirisha letu la dawa havipo. Njia ya mkato halali ipo. Kile kichupa cha sindano kinaweza kuyeyushwa na mfamasia, kikapimwa, mgonjwa akanywa. Nchi nyingine hufanya hivyo. Kwetu mfamasia anakataa, na simlaumu, kwa sababu hakuna waraka unaomruhusu, na kikitokea kitu ataulizwa yeye. Karatasi moja ya ukurasa mmoja kutoka Dodoma ingemwondolea hofu hiyo. Mama wa nyonga niliyemweleza alipona kwa namna hiyo hiyo, alipopelekwa hospitali kubwa yenye mtu wa kuamua.

Ziko tiba nyingine ambazo siombi leo. Kuna fidaksomaisini, inayopunguza kurudiwa kuliko vankomaisini, ila bei yake kwa mgonjwa wetu haisemeki. Kuna tiba ya kumwekea mgonjwa bakteria wa utumbo kutoka kwenye choo cha mtu mzima wa afya. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha wagonjwa 13 kati ya 16 waliokuwa wakirudiwa mara kwa mara walipona kwa mara moja tu ya tiba hiyo, wakati waliopewa vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13, na utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno. Naitaja ili wakuu wa hospitali za kanda na ya taifa waifikirie. Sisi wa mikoani tuanze na maji.

Mtaniuliza kama uongozi kweli unaweza kubadilisha jambo la utumbo wa mtu. Uingereza ilijibu swali hilo kwa gharama kubwa. Katika hospitali ya Stoke Mandeville, kati ya mwaka 2003 na 2005, wagonjwa zaidi ya 300 waliugua C. difficile katika milipuko miwili na wasiopungua 33 walikufa kwa ugonjwa huo. Tume iliyochunguza ilitoa taarifa mwaka 2006. Iligundua kuwa wataalamu wa kudhibiti maambukizi walikuwa wameshauri wagonjwa watengwe, na uongozi ukatanguliza malengo mengine, likiwemo la kupunguza muda wa kusubiri mapokezi. Wauguzi hawakukosa ujuzi pale. Walikosa wakubwa wa kuwasikiliza.

Nchi ile haikunyamaza. Hospitali zililazimishwa kuripoti kila mgonjwa, kwanza wa miaka 65 na zaidi kuanzia 2004, kisha karibu wote. Matumizi ya jamii ya sipro na ya sefalosporini, ambayo ndiyo jamii ya seftriaksoni, yakabanwa. Watu wakahimizwa kunawa kwa sabuni, vyumba vikasafishwa kwa klorini. England pekee ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 55,000 mwaka wa fedha 2007/08. Kufikia 2012/13 walikuwa chini ya 15,000. Uchunguzi wa vinasaba vya bakteria wenyewe, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kilichochangia zaidi ni kubanwa kwa jamii ya sipro, kwa kuwa aina za bakteria zilizokuwa sugu kwa dawa hiyo ndizo zilizotoweka. Kwa hiyo dawa tuliyoizoea kuiandika bila kufikiri ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Kila nikifikiria hilo nakumbuka dirisha la wazee hospitalini kwetu. Tumesema "wazee kwanza", tumewapa msamaha wa matibabu, na ni jambo jema sana ambalo nchi hii imelifanya. Lakini mzee huyo huyo anayepita dirishani bila kulipa ndiye anayetoka na mfuko uliojaa sipro na omeprazoli, na ndiye atakayerudi.

Basi, waheshimiwa, kwa Wizara naomba waraka mmoja utakaoingiza swali la antibayotiki za miezi mitatu iliyopita, na swali la dawa za kupunguza asidi, kwenye fomu ya kupokelea na kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali, ili kompyuta isimruhusu daktari kuandika kuhara bila kujibu. Waraka huo huo umruhusu mfamasia kutengeneza vankomaisini ya kunywa, na uongeze kwenye MTUHA safu ya kuhara kunakojirudia ndani ya wiki nane. TAMISEMI isiachwe nyuma, kwa sababu mgonjwa wetu huanzia zahanati na kituo cha afya, na hospitali ya rufaa humkuta akiwa amekwisha kunywa dozi mbili. Bohari ya Dawa iweke katriji na vipimo vya kadi kwenye orodha ambayo hospitali inaweza kuagiza, hata kwa kuanzia hospitali za rufaa za mikoa peke yake. Baraza la Famasi lipite madukani, ila lipite na elimu pia, kwa kuwa wauza dawa wengi hawajawahi kusikia kwamba antibayotiki inaweza kusababisha kuhara kunakoweza kuua.

Kwenu waganga wafawidhi siombi waraka, maana mambo yenu hayasubiri Dodoma. Kamati ya Dawa na Tiba ikutane, iangalie mafaili ya upasuaji ya mwezi mmoja na kuhesabu ni wangapi walichomwa seftriaksoni zaidi ya siku moja bila sababu. Chumba kimoja cha pembeni chenye choo chake kitengwe kwa ajili ya mgonjwa anayeharisha, kisigeuzwe ofisi. Mkataba wa usafi utaje klorini. Na bomba la wodi litengenezwe kabla ya rangi ya geti.

Sisi wauguzi tuko tayari kuanza na wodi chache kwa miezi sita, kujaza fomu, kupeleka choo maabara kila mgonjwa anapotimiza masharti, na kuwaletea hesabu. Tunachohitaji kwenu ni kibali, vipimo vya kuanzia, na jina la mtu mmoja Wizarani ambaye tutampelekea hesabu hizo na ambaye atatujibu.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, wodi ya watu wazima